Ng'ambo ya Masale

Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, Sharifa alipopiga magoti na kuweka chungu chake cha kwanza juu ya kitanda cha kuni. Mikono ilimtetemeka. Mtu angedhani ni baridi, maana mwezi wa saba kule juu ya Lushoto baridi humfuata mtu mpaka ndani ya blanketi. Lakini haikuwa baridi. Ilikuwa ile hofu ya mtu anayerudi kugonga mlango wa nyumba aliyofukuzwa.

"Kilaze ubavu," alisema shangazi Saumu, amesimama nyuma yake na mti wa kuchochea. "Mdomo usitazame upepo. Haya. Umesahau nini sasa? Mikono yako inajua, wewe ndiye unayeisumbua."

Sharifa akatabasamu kidogo. Tangu arudishwe kwao alikuwa hajagusa udongo, mpaka masika haya yalipopita, akashangaa siku moja kujikuta kisimani anachezea tope la mfinyanzi kati ya vidole, na vidole vinafurahi. Alistaajabu kwamba kuna sehemu ya mwili wake iliyokuwa bado inajua kufurahi.

Uwanja wa kuchomea ulikuwa mteremkoni, chini ya njia ya kwenda Shume. Kati ya njia na uwanja palikuwa na mstari wa masale, mimea ya kuwekea mpaka, mabichi, yamesongamana kama watu kwenye harusi, yaliyopandwa na bibi aliyemzaa bibi yake shangazi Saumu. Siku ya moto mwanamume havuki masale. Akivuka, vyungu hupasuka. Watoto wa kiume waliujua mwiko huo kabla ya kujua kufunga vifungo vya shati, na hata shehe wa pale msikitini, akipita njiani akaona moshi, alikohoa na kugeuza uso upande wa mlima.

Pikipiki ikanguruma juu, ikazimika.

"Onga makeo, mabibi wa moto!" Idrisa alisalimu kwa Kisambaa kutoka njiani.

Sharifa hakuinua kichwa. Hakuhitaji. Sauti ile ilimwingia mgongoni, ikatelemka taratibu mpaka kwenye nyayo.

"Tiwedi!" alijibu jirani yao Fatuma, mwanamke mnene mwenye mdomo usiolala. "Weka mzigo hapo hapo ulipo, shemeji. Usisogeze hata kidole huku. Ukitupasulia vyungu, utakuja kufinyanga wewe."

"Hata kidole tu?"

"Hata kivuli! Hebu kirudishe kivuli chako, kimeshafika kwetu."

Idrisa akaruka nyuma na kutazama miguuni kwake, ndipo akakumbuka kwamba jua lilikuwa halijachomoza. Wanawake wakaangua kicheko. Sharifa naye akacheka, akajifunika mdomo haraka kwa kiganja, na kwenye kule kujifunika macho yao yakakutana juu ya masale. Idrisa alikuwa ameshika furushi la magome ya miti ya miwati kifuani kama mtu aliyebeba mtoto. Hakucheka. Alikuwa anamtazama vile wanavyotazama watu wanaoona theluji kwa mara ya kwanza.

"Usijifunike," alisema polepole, kama vile wengine hawapo. "Nimekuja na kuni umbali wote huu, nirudi bila kuona meno?"

Sharifa akashusha mkono. Jambo dogo hilo, kushusha mkono. Lakini moyo wake ulienda mbio kama wa mwizi.

Maana kule alikoolewa mara ya kwanza, kwa Bakari, walimwambia kwamba mwanamke anayecheka mpaka magego yaonekane tumbo lake halishiki. Mimba ilipoharibika, mama mkwe hakulia. Alikaa mlangoni akauliza majirani, "Mnategemea nini? Kutwa yuko kwenye moto wa vyungu. Moto umemla mjukuu wangu." Wifi akasema ni kicheko. Mwingine akasema ni mizigo ya kuni, ingawa ni wao waliomtuma kuni. Bakari mwenyewe alikaa kimya, anakunywa chai, na kimya kile kilimchoma Sharifa kuliko maneno yote. Kisha wakamrudisha kwao na sanduku lake.

Hapo ndipo usingizi ulipomhama. Ugali ukawa kama unga wa mbao mdomoni. Alikaa ametazama ukuta, na ndani ya kichwa chake sauti ya mama mkwe iliamka kabla ya jogoo: umemla, umemla, umemla. Kaka zake wakasema anajidekeza. Wengine wakasema ana jini. Shangazi Saumu hakusema kitu. Alimshika mkono akampeleka zahanati, kwa Nesi Rahabu, mwanamke mwembamba aliyesikiliza bila kutazama saa. "Hii inaitwa sonona," Nesi alisema. "Ni ugonjwa. Unatibika. Na wewe huna kosa."

Maneno ya kwanza Sharifa aliyameza pamoja na vidonge, akapona polepole. Kila Alhamisi alikwenda kukaa na wenzake kwenye mabenchi ya Nesi Rahabu, wanazungumza. Lakini lile neno la mwisho, huna kosa, lilimkwama kooni. Halikushuka.

Idrisa alimkuta sokoni katika siku zile za kimya. Yeye aliuza karoti zake, Sharifa alikaa nyuma ya ndizi za shangazi kama jiwe. Kila siku ya soko Idrisa alimsalimu, akasubiri kidogo, asipojibiwa akatikisa kichwa kwa adabu kama aliyejibiwa, akaendelea na kazi. Hakuuliza mbona huongei. Hakusema cheka kidogo. Msimu ukapita. Siku moja Sharifa alisikia sauti ya mtu ikisema "salama," akageuka kutafuta nani amesema, akakuta ni yeye mwenyewe. Idrisa alikuwa ameshika karoti mkononi. Aliiweka chini taratibu kama yai. Macho yake tu yalijaa maji.

Sasa barua ya posa ilikuwa imekwisha kufika kwao, na kilichobaki ni jibu.

* * *

Moto uliwashwa. Majani makavu yakashika kwanza, kisha magome, kisha kuni zikaanza kusema ndani kwa ndani. Moshi ulipanda ukakutana na ukungu, usijue upi ni upi. Hapo ndipo Sharifa alipoona mwavuli mweusi ukishuka njiani. Ukafika kwenye masale, ukapita.

Alikuwa mama yake Idrisa, Mwanahamisi, mwanamke mrefu aliyenyooka kama mti wa msitu wa serikali. Idrisa akamfuata hatua chache, akakwama kwenye masale.

"Mama! Tulikubaliana tutakuja pamoja jioni."

"Wewe simama huko kwa wanaume wenzio," alisema Mwanahamisi bila kugeuka. "Haya ni ya huku."

"Shikamoo mama," Sharifa alipiga goti.

"Marahaba, mwanangu. Habari za hapa?"

"Nzuri mama. Karibu."

Akawekewa kigoda. Akakikalia, akaukunja mwavuli, akautazama moto kwa muda mrefu bila kuupenda.

"Sharifa, mimi si mtu wa kuzunguka. Mwanangu anakupenda, na mimi sina ugomvi na wewe. Una adabu. Lakini watu wanasema. Ukoo wetu ukasema ndoa iwepo, ila mambo mawili yaishe. Moja, hii kazi ya moto. Ulishapoteza kwa moto, hatutaki tena. Mbili, hiyo Alhamisi yako. Mke wa mtu hawezi kukaa kwenye benchi la wagonjwa wa akili, kila anayepita barabarani anamwona. Tutasema lilikuwa jini, likasomewa, likatoka. Jini halina aibu. Kila mtu anaweza kupata jini."

Shangazi Saumu akafungua kinywa. Sharifa akamgusa mkono.

"Na Idrisa anasemaje, mama?"

"Idrisa?" Mwanahamisi akashangaa swali lenyewe. "Idrisa ameshakubali. Jumapili, mbele ya baba yake mdogo."

Sharifa akasimama. Hakujua alivyofika kwenye masale. Alijikuta tu amesimama upande huu, Idrisa upande ule, majani yakiwa kati yao mpaka kifuani.

"Ulisema ndiyo?"

Uso wa Idrisa ukashuka. "Sharifa, nilitaka yaishe. Baba mdogo alikuwa ameshavaa kofia anaondoka. Nikaona nikubali kwanza, tuoane, halafu mimi na wewe tutajua namna."

"Uliniuliza?"

"Ningekuuliza vipi, hukuwepo pale?"

"Simu yangu ilikuwepo."

Idrisa akajipapasa mfuko wa shati.

"Nilikuwa nakulinda," alisema mwishowe.

"Sikia, Idrisa." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikuvunjika, na yeye mwenyewe aliisikiliza kwa mshangao. "Bakari hakunipiga hata siku moja. Watu wakiniuliza alikufanya nini, nakosa la kuonyesha. Walinisemea tu. Walisema najidekeza. Walisema nina jini. Walisema nimemla mtoto. Kila mmoja akaweka neno lake kichwani kwangu, mwisho langu halikubaki hata moja. Unajua kinavyokuwa kichwa cha hivyo? Kama nyumba iliyojaa wageni, na wewe mwenye nyumba unalala nje kwenye umande. Nilipokuja kwako nilisema huyu ananingoja niseme mwenyewe. Ile 'salama' yangu uliingoja msimu mzima. Sasa Jumapili imekuwaje? Ile 'ndiyo' yangu umeshindwa kuingoja hata siku moja?"

"Sharifa..."

"Usinijibu. Ukinijibu nitakusamehe kabla sijamaliza kukasirika."

Akageuka. Alitembea vizuri mpaka motoni, akakaa chini, na hapo ndipo lile jiwe la siku za sonona lilipomkalia kifuani. Aliujua uzito wake kama mtu anavyojua mtoto wake gizani. Masikio yakaziba. Shangazi alisema kitu, akaona midomo inacheza tu. Ndani, sauti ikaamka: unaona? Umemfukuza na huyu. Akautazama moto asiuone.

Shangazi na Fatuma walikuwa wameinama upande wa pili wakikusanya majani ya kuongeza. Mwanahamisi alikuwa anatafuta viatu vyake kwenye vumbi. Hakuna aliyeona cheche ilipotua kwenye pindo la kanga ya Sharifa, ikafanya tundu jeusi, tundu likafanya ulimi mwekundu.

"Kanga! Sharifa, kanga inaungua!" Idrisa alipiga kelele kutoka ng'ambo.

Sharifa hakusikia. Alichosikia ni masale kuvunjika, na vishindo, kisha mikono miwili inapigapiga mguuni kwake, inabana pindo lile ndani ya viganja vitupu. Idrisa alikuwa amepiga magoti mbele yake katikati ya uwanja wa wanawake, anahema.

Na ndani ya moto kitu kikalia: paa!

Majani yakamdondoka Fatuma mikononi.

Wote wakageuka wakamtazama Sharifa. Fatuma alimtazama. Mwanahamisi alimtazama. Hata shangazi Saumu, aliyempenda kuliko binti zake wa kuwazaa, macho yake yalikwenda kwake. Na Sharifa mwenyewe alianza kujipekua haraka, atafute kosa lake liko wapi, kama vile mkono unavyokwenda wenyewe mahali panapowasha.

"Nilisema mimi," Mwanahamisi alinong'ona. "Mnaona? Nilisema."

"Mama," alisema Idrisa. Alikuwa bado magotini. "Aliyevuka ni mimi."

"Umevuka kwa ajili yake!"

"Miguu ni yangu." Akawatazama mmoja mmoja, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama woga, woga wa mtu aliyefunua jani akakuta shimo. "Mimi niko hapa. Nimevunja mwiko wa bibi zenu mchana kweupe, masale yamelala pale, kila mtu anayaona. Na hakuna hata mmoja aliyenitazama mimi. Nyote mmemtazama yeye."

Fatuma akainamisha kichwa.

"Sharifa," Idrisa alisema kwa sauti ya chini sana. "Kule ulikokuwa. Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Idrisa akafumba macho. Alipoyafumbua alisema, "Na Jumapili nilikuwa mmoja wao." Hakuomba msamaha kwa maneno. Alisimama, akarudi taratibu kwa njia ile ile, akainua masale aliyoyavunja akayasimamisha, akakaa ng'ambo yake, viganja vyekundu juu ya magoti.

Sharifa akachukua mti wa kuchochea. Akapekua makaa pembeni, akavuta kipande, na kingine. Kilikuwa kile chungu cha kwanza, alichokilaza kwa mikono inayotetemeka. Kimegawanyika safi kabisa, ndani kikiwa chekundu kama embe bivu. Akakitazama. Alingoja ile sauti imwambie ni kwa nini. Labda upepo uligeuka. Labda ni miguu ya Idrisa. Labda udongo wenyewe ulikuwa na kitu ndani ambacho jicho la mtu haliwezi kukiona. Alingoja, na sauti haikuja.

"Kimepasuka," alisema.

"Kimepasuka," alikubali shangazi Saumu, akasogea na kusimama karibu yake. "Vinapasuka, mwanangu. Mimi nimepasua tangu ujana wangu, na siku nyingi hapakuwa na mwanamume hata ng'ambo ya mto."

Sharifa akageuka akamtazama. Swali lililomkaa kooni tangu siku ile, ambalo hakuwahi kulitoa hata kwenye mabenchi ya Alhamisi, likapanda lenyewe.

"Na mtoto wangu, shangazi?"

Mwanamke mzee akaushika uso wake kwa viganja vyote viwili, vimejaa majivu.

"Na mtoto wako pia. Aliharibika tu, mama. Aliharibika tu."

Huna kosa. Neno lile la Nesi Rahabu, lililokwama muda wote huo, Sharifa alilisikia likishuka. Aliona kabisa linavyoshuka, likapita kifuani, likalikuta lile jiwe, na jiwe likasogea. Akalia. Hakulia kama zamani, kwa kujibana, kanga mdomoni. Alilia kwa sauti, kinywa wazi, mpaka magego yakaonekana, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Alipoinua kichwa, ukungu ulikuwa umepanda. Chini kabisa, mbali, tambarare yote ya Mkomazi ilikuwa imefunguka kwenye jua, kubwa isiyo na mwisho. Alikuwa amezaliwa mlimani juu yake, ameiona maisha yake yote, na bado alisimama ameshangaa kama mgeni.

* * *

Moto ulipolala, wakavitoa vyungu kimoja kimoja, wakavinyunyizia maji ya magome, vikafoka mvuke na kugeuka rangi ya kahawia iliyoiva. Mwanahamisi alikuwa hajaondoka. Alikuwa ameacha kigoda, amechutama penye kile chungu kilichopasuka, anajaribu kukutanisha vipande viwili, vinakutana, anaviachanisha, anavikutanisha tena.

"Kabla ya Idrisa," alisema, bila kumtazama mtu. "Kabla ya Idrisa, mimi pia..."

Sharifa akachutama karibu yake. Hakuuliza, akangoja. Alikuwa amefundishwa kungoja na mtu aliyejua.

"Waliniambia nina mkosi," alisema Mwanahamisi. "Nikaamini. Mpaka leo nikisikia mtoto wa mtu anakohoa najiuliza nimemtazama vibaya." Akaviweka vipande chini kwa upole. Kisha, kwa sauti ndogo isiyofanana na urefu wake: "Huko Alhamisi. Wanapokea na watu wazima?"

Sharifa akaufunika mkono wa mwanamke yule kwa mkono wake wenye majivu.

"Benchi lina nafasi, mama."

"Mnasema nini huko?" Idrisa aliita kutoka juu.

"Ya wanawake!" Fatuma alifoka, akifuta macho kwa kiwiko. "Kaa hapo hapo! Umeshatupasulia kimoja, kinatosha!"

Sharifa akachukua chungu kidogo kuliko vyote, bado kina joto, akapanda nacho mpaka kwenye masale. Idrisa akasimama. Walitazamana. Macho yake yalikuwa mekundu, na Sharifa hakujua ni moshi au ni nini.

"Nitarudi kwa baba mdogo," Idrisa alisema. "Nitamwambia nililisema neno lisilo langu. Akivaa kofia aende, aende." Akasogea mpaka kwenye majani. "Sasa nakuuliza. Na nitangoja, hata kama ni msimu mwingine mzima. Sharifa, wewe unataka nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Si baba yake, si Bakari, si kaka zake. Swali lilisimama mbele yake kama ile tambarare, na kwa muda aliutazama tu ukubwa wake.

Kisha akainua chungu, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikalia, sauti nyembamba, safi, ikatembea hewani ikafika ng'ambo.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Hiyo ni kazi yangu, siiachi. Na Alhamisi nakwenda na mama yako. Uje utungoje nje pale, kwenye benchi la barabarani, kila anayepita akuone. Akiuliza unamngoja nani, mwambie."

"Nimwambie namngoja nani?"

Sharifa akacheka, mikono yote miwili imeshika chungu, hakuna hata mmoja wa kujifunika mdomo.

"Mkeo mtarajiwa," alisema. "Mwambie umetumwa na yeye mwenyewe."